Uliza Mzee: SAR, beleshi na ule usiku wa Lukaya

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nilikuwa mgambo nikaenda vita vya Uganda, basi toka siku hiyo simu ya hapa ofisini haijapoa, maswali yanaingia usiku na mchana na mengi ni ya bunduki. Kwa ambao hawakusoma: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, Novemba mosi akatangaza eneo lote la kaskazini ya mto ni lake, daraja la Kyaka likalipuliwa siku hizo hizo, na tarehe 2 Mwalimu akasema yale maneno hata watoto wanayajua, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mi nilikuwa na miaka 21, nalima uwele na baba Singida, mafunzo ya mgambo nimeyamaliza mwaka wa nyuma yake. Nikapanda lori na wenzangu tukaenda. Sasa tuanze kujibu.

Shikamoo mzee. Kwenye taarifa za polisi kila siku nasikia "bunduki aina ya SMG", mara "SAR". Ni bunduki gani hizi na we ulibeba ipi? – Msomaji, Tabora

Marahaba mwanangu. SMG ndo hiyo hiyo AK-47 unayoiona kwenye filamu, ila kwetu hatujaizoea kwa jina hilo, na nyingi tulizokuwa nazo zilitoka China. SAR ni ile ndefu yenye mbao mpaka mbele, wengine duniani wanaiita SKS. Zote mbili zinakula risasi ile ile, ila SMG magazini yake inabeba 30 na ikiisha unachomoa unaweka nyingine, SAR inabeba 10 basi, tena unazisukuma kwa juu na dole gumba kutoka kwenye kibanio chake, na kama mikono ina jasho na mtu anakupiga hapo ndo utajua hujui. Halafu SAR haimwagi mfululizo, kila risasi unavuta kidole.

Sisi mgambo wengi tulipewa SAR na tuliona tumeonewa kweli kweli. Askari wa siku nyingi wanapita na SMG begani wanatuangalia kama watu tuliobeba mapanga. Lakini baada ya mwezi nikaanza kuipenda yangu, maana nlishaona watu wa SMG wanamaliza magazini nzima kwenye kichaka ambacho hakina hata ndege, halafu wanakuja kuomba risasi kwetu, na zinaingiliana si nimeshakwambia ni zile zile.

Kuna kitu kimoja cha SMG nataka nikueleze maana watu wa filamu hawakionyeshi. Ubavuni kulia ina kile kitasa chake. Kikiwa juu kabisa ni salama, ukikishusha kituo cha kwanza ni mfululizo, ukikishusha mpaka chini kabisa ni moja moja. Nikamuuliza koplo wetu mbona imepangwa kinyumenyume, si ilitakiwa moja moja ije kwanza? Akaniambia mtu akishikwa na woga anasukuma kwa nguvu zake zote mpaka mwisho, basi bunduki inampa moja moja hata kama hakutaka, risasi haziishi. Mpaka leo naona aliyeitengeneza alikuwa anatujua vizuri. Kasoro yake kinalia, kla! Usiku mkiwa mmelala mnavizia hiyo kla inasikika mpaka ng'ambo ya bonde, kwahiyo waliokuwa nazo walifundishwa kukishika na vidole viwili na kukishusha polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto.

SAR nayo ina singe yake imekunjwa chini ya mtutu, ya kwangu ilikuwa ile nyembamba kama msumari mkubwa. Kwenye kuchoma mahindi haina mpinzani.

Uliua wangapi? – Msomaji, Mbeya

Swali hili halikosi, na wanaouliza huwa hawaweki shikamoo.

Sijui mwanangu, na ningejua nisingeandika hapa. Ila nikueleze kitu, askari wa miguu muda mwingi anapiga majani. Unaona moshi kidogo, unaona tawi limetikisika, afande anasema "pale!" basi wote mnapiga pale. Kesho yake mnapita mnakuta mtu amelala, na jana yake mlikuwa 30 mnapiga pale pale. Sasa huyo ni wa nani?

Mzee heshima yako. Mimi natokea Missenyi, mama yangu alikuwa binti wakati wa vita na mpaka leo anasimulia "saba saba" ilivyokuwa inanguruma. Ilikuwa ni silaha gani hasa, na ina uhusiano na sikukuu ya Sabasaba? – Msomaji, Missenyi

Msalimie sana mama, mwambie hata sisi tulioambiwa ni ya kwetu tulikuwa tunaiogopa. Jina hilo walilibandika Waganda, ndo walioonja. Ni lori, nyuma yake limebeba mabomba 40 yamepangwa kama mzinga wa nyuki, kila bomba lina roketi ya milimita 122, na zote 40 zinatoka ndani ya sekunde kama 20 hivi na kwenda mpaka kilomita 20. Kule kwa wenyewe Warusi inaitwa BM-21, wengine wanasema Katyusha.

Mara ya kwanza kuisikia tulikuwa tumelala nyuma ya Mutukula upande wetu, hakuna aliyetuambia kama inapigwa usiku ule. Nilidhani lori la mafuta limelipuka. Mbingu ikawa nyekundu, halafu ule mlio, yani siyo mlio wa mzinga wa kawaida unaosema "duu" ukanyamaza, huu ni kama mtu anapasua mashuka mengi kwa pamoja juu ya kichwa chako na hamalizi. Mwenzangu mmoja wa Kondoa akaanza kusali kwa sauti. Koplo akamwambia nyamaza wewe, hizo ni za kwetu. Akajibu najua afande, nawaombea wale.

Ubaya wake ni kwamba silaha haina uraia. Miezi miwili mbele Walibya walikuja na zile zile, na safari hii ndo zilitujia sisi, ambayo inanipeleka swali linalofuata.

Babu shikamoo. Nasoma historia chuo, nimekutana na habari kwamba kwenye vita vya Lukaya wanajeshi wa Tanzania walikimbia. Mwalimu wetu wa sekondari hakutuambia hivo. Ni kweli? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli. Na mimi nilikuwemo kwenye kukimbia huko kwahiyo sisimuliwi.

Tulishachukua Masaka tarehe 24 Februari 1979. Kutoka Masaka kwenda Kampala barabara inafika Lukaya halafu inaingia kwenye bwawa, mafunjo kushoto mafunjo kulia, na barabara imeinuliwa katikati kama tuta refu. Kifaru kimoja kikikwama hapo basi msafara mzima umekwama na huna pa kuchepukia. Brigedi yetu ilikuwa ya 201, chini ya Brigedia Imran Kombe, na wengi wetu tulikuwa mgambo, watu wa jembe, wengine hawajawahi kupigwa hata risasi moja kwa hasira.

Machi 10 jioni jua linazama. Sisi tumetulia tunafikiria kuvuka kesho yake, wengine wamevua buti. Gaddafi alikuwa ameleta watu wake kumsaidia Amin, na Wapalestina wachache wakiwemo, wakaja na vifaru na hizo roketi. Zikaanza. Na hapa ndo penye aibu mjukuu wangu, zile za mwanzo zote zilipita juu yetu zikaenda kuanguka nyuma, mi sikuona hata mtu mmoja aliyechubuka pale nilipokuwa. Zimetukosa kabisa! Lakini ule mlio. Ulikuwa ni ule ule wa Mutukula, safari hii unakuja badala ya kwenda, na kwa kuwa zinaanguka nyuma mtu mmoja akapiga kelele "wametuzunguka!" na likishatamkwa hilo neno usiku hakuna afande wa kulirudisha mdomoni. Watu wakatoka. Mi nikaona mguu wangu unakwenda nikaufuata.

Niliingia kwenye mafunjo, maji yakafika kifuani, SAR nimeinyanyua juu ya kichwa kama mwanamke aliyebeba kuni, buti la kushoto likabaki kwenye tope. Mbu wa pale sijapata kuwaona tena popote, na ruba nao. Gizani nikagongana na mtu, nikajua ni wa kwetu maana alitukana Kiswahili. Tukashikana mikanda tusipotezane, hatukuulizana hata majina, tukakaa hivo mpaka alfajiri, akisinzia namvuta nikisinzia ananivuta. Kulipopambazuka nikaona ni mtu mzima kama baba yangu, siyo wa kombania yetu, na alikuwa amebeba SMG isiyo na magazini. Akaniangalia mguu akacheka. Akaenda zake kutafuta wenzake.

Sasa walichokosea wale Walibya ni kwamba walisimama. Waliambiwa waichukue Masaka, na barabara ilikuwa wazi maana sisi tuko majini, lakini wakatulia Lukaya. Usiku huo huo wakubwa wetu wakaiagiza brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, ambayo ilikuwa mbali kama kilomita 60, igeuze izunguke. Wale jamaa walitembea usiku kucha na alfajiri ya Machi 11 wakatokea barabara ya Kampala, yani mgongoni kwa adui. Sisi huku koplo wetu anapita kando ya mafunjo anatuita kwa majina ya mama zetu, siwezi kuyaandika hapa, tukatoka mmoja mmoja tumelowa kama kuku, tukapangwa, tukapiga kutoka mbele. Mizinga ya kwetu nayo ikaamka. Mpaka inaisha zilihesabiwa maiti za adui kama 400 na karibu nusu yao ni Walibya, na wengi wao nlivyowaona walikuwa mgambo tu kama sisi, sare mpya, nyingine bado zina mikunjo ya kwenye boksi.

Buti nilipata siku hiyo hiyo. Usiniulize wapi.

Kwahiyo mwalimu wako hakudanganya kwamba tulishinda Lukaya, tulishinda. Alikata kipande cha usiku tu.

Habari mzee. Silaha gani ya adui iliwaumiza zaidi? – Msomaji, Musoma

Utashangaa. Hesabu inayotajwa ya askari wetu waliofariki vita nzima ni 373, na kati yao waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Waliobaki ni ajali na mambo kama hayo. Malori yanaendeshwa usiku bila taa kwenye tope, dereva hajalala siku 2, watu wamepakiwa juu ya masanduku ya risasi, nadhani umeelewa.

Na silaha za kwetu wenyewe. Chukua bazuka, ile RPG. Mbele inatoa kombora na nyuma inatoa moto, na ule moto hauchagui. Tulifundishwa ukimwona mwenzio amepiga goti na bazuka begani, kabla hujafanya lolote angalia uko upande gani. Kuna siku mmoja alipiga akiwa ameegemea ukuta wa nyumba, ukuta ukaurudisha moto wote kwake. Hakufa, ila suruali hakubaki nayo na kukaa alikaa kwa ubavu mwezi mzima. Tena kombora la bazuka lina vituko, upepo ukiwa wa ubavuni linageukia upepo unakotoka badala ya kusukumwa, kwahiyo mgeni analenga kifaru anapiga mgomba.

Kwa upande wa adui vifaru vilikuwepo na magari ya deraya, wao walipenda sana kukaa barabarani kwenye magari yao, sisi tulitembea porini. Ndo tofauti kubwa niliyoiona.

Shikamoo kaka. Mume wangu (marehemu sasa) alikuwa vita ya Kagera. Alirudi na kibeleshi kifupi cha chuma chenye mpini wa mti, alikiweka chini ya kitanda miaka yote na hakutaka kitumike shambani, hata mfereji wa mvua hakuruhusu. Hakuwahi kusema kwa nini. Wewe unaweza kujua? – Mjane, Iringa

Marahaba dada yangu, na pole sana. Siwezi kumsemea marehemu, lakini nikueleze kilivyotumika.

Watu wananiuliza bunduki bunduki, hakuna anayeniuliza beleshi, we ni wa kwanza. Kila mlipofika mkaambiwa hapa tunalala, hata kama mmetembea toka alfajiri, kwanza mnachimba. Ukiwa na bahati mnachimba watu 2 shimo moja, mmoja analala mwingine yuko lindo, na kile kibeleshi ni kifupi makusudi ili uchimbe ukiwa umepiga magoti au umelala kifudifudi, maana ukisimama kuchimba ndo umejionyesha. Ardhi ya kule juu ni nyekundu laini, raha tupu, ila kando ya barabara ni changarawe na hapo utaona cheche. Machi masika yakaanza, unachimba linajaa maji, unalala ndani ya maji kwa hiari yako na unashukuru. Tulikuwa tunakinoa ukingo mmoja kama shoka, kinakata mgomba, kinapasua kuni, tulikaangia hata nyama juu yake. SAR ilinitoka mkononi mara 2 kwa woga nikairudia, beleshi halijawahi kunitoka.

Halafu, samahani dada kwa kusema hili, ni hicho hicho tulichozikia wenzetu pale ambapo gari lilichelewa. Baadae wengi walihamishiwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Kagera, kwa heshima zote. Lakini mara ya kwanza ilikuwa ni hicho.

Kama kuna kutu kipake mafuta kidogo ya kupikia, mpini usiupake rangi.

Mzee salama? Mimi Mtanzania naishi Kampala, wazee wa huku wanatuita "bakombozi" na wanacheka. Je mlipokelewa vizuri, na kuhusu Mutukula kubomolewa ulishuhudia? – Msomaji, Kampala

Salama mwanangu. Bakombozi ndo sisi, wakombozi, kwa ulimi wa Kiganda. Tulipokelewa vizuri ajabu, Kampala ilipoanguka Aprili 11 watu walitoka wanacheza barabarani na risasi bado zinalia mtaa wa pili. Mi sikuwa wa kwanza kuingia, waliotangulia katikati ya mji ni kikosi cha Luteni Kanali Ben Msuya, sisi tuliwekwa nje kidogo kulinda njia. Na upande wa mashariki njia ya Jinja iliachwa wazi kwa makusudi Walibya watoke waende zao.

Mutukula nilishuhudia. Tuliichukua Januari 22, na baada ya yale tuliyoyakuta Kagera, ng'ombe wamechukuliwa, kiwanda cha sukari kimevunjwa, watu wamechinjwa, hasira zilikuwa juu. Matingatinga yakalaza mji wote. Na raia wengine waliumizwa, nlimwona mzee mmoja amekaa juu ya mlango wa nyumba yake, mlango umelala chini na nyumba haipo. Mwalimu alipopata habari alichukia, ikaja amri kali kwamba raia na mali yake asiguswe, na toka hapo kwenda mbele mambo yalikuwa tofauti. Walioibomoa walikuwa wenzangu, kwahiyo siwezi kukuambia sikuona.

Mlikula nini njiani? – Msomaji, Moshi

Ndizi. Kutoka Mutukula mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kilomita zote ni ndizi. Mchaga kama wewe, mtu wa Moshi, ungeona uko nyumbani, ila sisi wa uwele na mtama tuliumwa matumbo wiki nzima. Kulikuwa na Mhaya mmoja kwenye seksheni yetu, huyo alipandishwa cheo na sisi wenyewe bila amri ya mtu, akawa jikoni. Chumvi ndo ilikuwa dhahabu.

Shikamoo mzee, unaikumbuka namba ya bunduki yako? Na uliirudisha au ulibaki nayo? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Kubaki nayo unataka nifungwe uzeeni? Namba naikumbuka yote, na siiandiki hapa kwa sababu ndo namba yangu ya siri ya kutolea hela kwenye simu.

Niliirudisha ghalani mwaka huo huo wa 1979, mistari mirefu ya watu kama tuko bandarini, kila mmoja anataka nyumbani. Yangu mbao yake ilishapasuka nimeifunga na waya. Sasa SAR kwenye kitako ina kitundu chenye kimlango cha chuma, ndani ndo vinakaa vifaa vya kusafishia mtutu. Mtunza ghala akakifungua mbele yangu akakung'uta mezani. Kikatoka kiberiti nimekifunga na nailoni, sindano, uzi mweusi na nusu sigara. Akaniuliza vifaa vya serikali viko wapi? Nikamwambia afande viko Lukaya kwenye mafunjo. Akanitazama miguuni, nilikuwa na buti 2 zisizofanana, moja nyeusi moja ya rangi ya mchanga. Akaandika kwenye daftari lake "vimepotea vitani", akagonga muhuri, sindano na uzi akanirudishia, ile nusu sigara akaweka sikioni kwake akaita mwingine.